Mjane Aliyewavua Wenzake

Katika jengo letu la Etterbeek watu wawili tu ndio waliogopwa: mwenye nyumba, aliyeonekana mara moja kwa mwaka, na Maman Présidente wa ghorofa ya tatu, aliyeonekana kila siku. Mimi nilijuana naye kwa ajili ya takataka. Nilikuwa mgeni, nimetoka Kigoma kumfuata mume, na hakuna aliyeniambia kwamba Brussels mifuko ya taka ina rangi zake na kila rangi ina siku yake. Nikaweka mfuko mweupe barabarani siku ya mfuko wa bluu. Kabla sijafika kwenye ngazi nikasikia sauti nyuma yangu: "Maman! Ule mufuko mweupe leo hapana! Leo iko bleu! Unataka batupatie sisi bote amende?"

Nikarudi kuuchukua kabla hiyo faini haijatupata, uso umenishuka. Alisimama pale mlangoni mikono kiunoni mpaka nikauingiza ndani, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama nimekula. Sikuwa nimekula. Jioni ile nilipanda kwake nikala ugali na sombe, yaani kisamvu, na samaki, na tangu siku hiyo akaniita Maman Tanzanie, hata baada ya kujua jina langu.

Lake pia lipo, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia, na sitaanza mimi. Cheo alipewa na kundi la akina mama wa Kikongo wanaosali kwa Kiswahili, watu wa Lubumbashi na watu wa Bukavu wakibishana kila Jumapili nani anakiharibu zaidi. Mimi Mtanzania niliingizwa ili niwe mwamuzi, nikagundua kwamba hakuna anayetaka uamuzi. Mikutano yote aliifungua kwa maneno yaleyale: "Bon, donc, tumalize." Mama mmoja alimwuliza mbona anaanza kwa kumaliza. Akajibu, "Kuanza kila muntu anajua. Président anawekwa juu ya kumaliza."

Alikuwa mkali juu ya kuchelewa na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali. Alipenda umbea lakini aliuita habari. Alijua nani kwenye jengo hajaosha pazia zake. Mtoto wangu alipougua kifua alikaa naye siku nzima, akamwimbia nyimbo za Kivu, na nilipomshukuru akanifokea kwa kuacha dirisha wazi.

Na alivaa nyeusi. Hili ndilo watu huliuliza kwanza nikimtaja, na mimi hulichelewesha, maana nikilianza sijui nitaishia wapi. Sketi nyeusi, blauzi nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, kipupwe na kiangazi. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao kule Woluwe, na kazini sheria ni koti jeupe. Basi alilivaa jeupe juu ya nyeusi, akilivua kabla hajafika kituo cha tramu. Mumewe alikufa mwaka niliofika Ubelgiji, sikuwahi kumwona. Mwanangu ameanza shule ya msingi na kuimaliza, na jirani yetu yungali katika zile nguo.

Kwa wenzetu hawa mjane haamui mwenyewe kuacha nyeusi. Ndugu za marehemu ndio humvua, siku wanayoipanga wao. Wanakuja, wanamwagia maji, wanamvika kitambaa kipya cha rangi, na mkubwa wao anatamka mbele ya watu kwamba tangu leo huyu si mke wetu tena, tumemwachilia. Baada ya hapo anaweza kucheza, kusafiri kwa starehe, kuolewa akitaka. Kabla ya hapo hawezi, na akifanya, maneno yatafika Lubumbashi kabla yeye hajafika nyumbani.

Hapa Ulaya ndugu wametawanyika, na mara nyingi anapatikana mjomba mmoja tu wa kusema maneno, hakuna wanawake wa kufanya kazi ya mikono. Kazi hiyo aliifanya Maman Présidente. Alishaitwa mpaka Liège. Nilimwona mara nyingi katika ule ukumbi wa kukodi wa Berchem-Sainte-Agathe, wenye viti vya plastiki na taa zinazowaumiza watu macho. Alimwingiza mjane chumba cha nyuma, akamfungua kitambaa cha kichwa polepole, akamnawisha uso, shingo na mikono, akamvika pagne mpya, kitenge cha rangi, halafu akafungua mlango kwa nguvu, muziki ukamwagika. Akamsukuma mgongoni. "Toka inje," alimwambia kila mmoja. "Dunia iko palepale."

Msichana mmoja wa Goma, mjane mdogo kuliko dada yangu wa mwisho, aligoma kutoka. Alishikilia kile kitambaa cheusi akilia. Maman Présidente alikaa sakafuni pamoja naye, na magoti yake yale mabovu. "Unaogopa nini, mutoto wangu? Ni kitambaa tu," alimwambia. Yule binti alicheka katikati ya machozi, akatoka, akacheza mpaka viatu vikamshinda. Nilikuwa nimeshika beseni la maji. Nilimtazama Maman Présidente akiinuka kwa kushika ukuta, mweusi tangu kichwani hadi miguuni, na nikakumbuka usemi wa kwetu kwamba kinyozi hajinyoi. Nilidhani nimeuelewa.

Mchungaji alijaribu. Jumapili moja alihubiri juu ya mila zinazofunga watu wa Mungu, akimtazama yeye tangu aya ya kwanza hadi amina. Alipomaliza, Maman Présidente aliinua mkono kuomba nafasi ya matangazo, akasimama, akawakumbusha akina mama wasichelewe Jumamosi kwenye kuvuliwa kwa mjane wa Papa fulani, na kila mmoja aje na sahani yake.

Papa mmoja wa Kalemie, dereva wa basi, alijaribu pia, kwa njia nyingine. Kila Jumamosi alikuja na maembe, akakalishwa kwenye sofa, akapewa chai. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye meno mazuri. Alipotaja kilichomleta, aliambiwa akawaone ndugu za marehemu: mmoja, dada mtu, yuko Lubumbashi; mwingine, kaka mkubwa, yuko Kanada. Yule Papa alisema ataandika. Nadhani aliandika kweli. Baada ya mwaka akaacha kuja, na tukasikia amemwoa mama mmoja wa Antwerp. Maman Présidente alikwenda harusini akapika wali wa watu mia, akarudi, akafunga vifuniko vya madirisha mchana, na kwa siku kadhaa hakuna aliyemfokea mtu kuhusu mifuko. Jengo zima lilikosa raha.

Kila Jumapili baada ya ibada simu yake iliita. Zamu ya Lubumbashi ilikuwa ya wifi, zamu ya Kanada ya shemeji. Waliongea kidogo tu. Umekula? Kazi iko? Unasali? Alijibu akiwa amesimama wima, mkono mmoja ukinyoosha sketi, kana kwamba wanamwona. Mimi simu zile zilinichukiza, na nasema hivyo bado. Niliona watu wawili wanaomshikilia mwenzao kwa kamba toka mbali, wakiivuta kidogo kila wiki kuhakikisha haijakatika.

Ndipo tukaenda Cefalù. Mama mmoja wa kundi alikuwa na binti aliyewahi kwenda likizo huko, mji wa kale kabisa wa Sicilia, ufuoni chini ya mlima wa jiwe, kanisa kuu lenye minara miwili, bahari imekaa mlangoni. Tukajikusanya watano. Mjane aliyevaa nyeusi hasafiri kwa starehe, lakini Maman Présidente alikuwa na jibu. "Mimi siendi vacances," alitangaza. "Ninaenda kuchunga ninyi."

Tulibeba unga wa mihogo, samaki wakavu na pilipili, kana kwamba Italia hawali. Nyumba tuliyokodi ilikuwa katika kichochoro chembamba hata ukinyoosha mkono kwenye roshani unakaribia kugusa roshani ya ng'ambo. Ilikuwa Agosti na mawe yalitoa joto hata usiku. Asubuhi sisi wanne tulishuka ufukweni na taulo zetu. Yeye alibaki. Alifunga vifuniko vya mbao, akakaa gizani na nguo zake nyeusi akijipepea na karatasi ya tangazo la pizza. Tuliporudi na chumvi mwilini tulimkuta palepale, ameshapika. Niliingia bahari ile kila siku na kila siku niliifurahia nusu. Nikielea chali nilikuwa nayaona mapaa ya mji, na nilijua chini ya mojawapo yupo mtu anayetoka jasho kwa sababu hajaruhusiwa na watu walio mabara mengine.

Siku ya tatu hatukumkuta ndani. Alikuwa chini kichochoroni, amekaa kwenye kiti cha majani pembeni ya bibi kizee wa Kisicilia, naye amevaa nyeusi kutoka shingoni mpaka vifundoni. Yule bibi alikuwa amemwona akipita, akazitazama zile nguo zake nyeusi, akapiga kiti cha pili kwa kiganja. Hawakuwa na lugha. Walikuwa wanabangua maharage kwenye beseni moja, kila mmoja akisema kwa lugha yake na mwenzake akiitika. Wapita njia walimsalimu bibi, halafu wakamsalimu na yeye kwa heshima ileile.

"Bwana yake alikufa yeye akiwa angali kijana," alituambia jioni, amechangamka kuliko tulivyowahi kumwona tangu tufike. Alijuaje, sijui. "Na hakuna muntu alimuvua. Huku habavuliwi. Atazikwa nayo."

Sisi wanne tulitazamana, kwa sababu tulikuwa na mpango. Kabla ya kuondoka Brussels tulikuwa tumempigia wifi wa Lubumbashi bila yeye kujua. Tulibembeleza. Tulisema kuna maji ya mto huko, akina mama wa heshima wapo, wewe utamke maneno kwa video tu. Tulitegemea ugomvi. Wifi akasema, "Mimi nilisha kuchoka pia. Kaka yangu nitamuelezea. Fanyeni." Tukanunua pagne ya rangi ya machungwa, tukaificha chini ya unga.

Mji ule una mahali pa kale pa kufulia nguo. Unashuka ngazi za mawe meusi mpaka chini ya usawa wa nyumba, na huko mto mdogo unatoka ndani ya mwamba, unapita midomo ya simba wa chuma, unajaza mabirika ya mawe, kisha unapenya ukutani kwenda baharini. Wanawake wa kale walifulia hapo vizazi na vizazi. Tulimpeleka mapema, watalii wangali wamelala, tukimwambia tunakwenda kupiga picha. Alifika ngazi ya katikati akaona: mama mmoja ameshafunua pagne, mwingine ameshika simu, na ndani ya simu wifi amevaa vizuri, amekaa kwenye kochi lake, nyuma yake wakwe wengine wamejipanga.

"Mama, karibia," wifi akasema. "Leo tunakuachilia."

Maman Présidente alikaa. Hakuanguka, alikaa tu, pale kwenye ngazi, akaweka mkoba mapajani. Maji yalikuwa yanapiga kelele sana.

"Allô?" wifi aliita. "Iko wapi? Mbona ninaona tu miguu ya muntu?"

Maman Présidente akanyoosha mkono, tukadhani anataka kuongea. Aliipokea simu, akasema kwa sauti ya adabu, "Dada, réseau ya simu iko mubaya hapa," akaikata. Akapanda ngazi akarudi kwenye kile kiti cha majani. Sisi tulibaki na pagne yetu mikononi. Mama mmoja alianza kulia kwa hasira. Mimi sikulia, nilimfuata Maman Présidente.

Yule bibi alipotuona hivyo aliingia ndani kwake, akatuachia viti.

"Nieleze," nilimwambia. "Maana mimi nimechoka kukutetea. Mlango umefunguliwa, unakataa kutoka. Hao wengine uliwasukuma mgongoni."

"Ndiyo. Nilibasukuma."

"Kwa hiyo?"

"Maman Tanzanie, mimi sina mutoto. Kwetu kule vita ilipita, hakuna muntu alibaki wa kuchukua téléphone. Dimanche ni nani ananipigia? Bandugu ya bwana yangu. Juu ya nini? Juu ningali bibi yao. Siku banavua hii nguo, banasema mbele ya bantu, tumekuachilia, wende. Niende wapi?"

"Wanaokupenda watapiga tu, nguo au bila nguo."

"Dimanche ya kwanza batapiga. Ya pili pia. Kiisha banakuwa na mambo yao. Mimi nilivua bajane wengi. Ulizia bale benye hawana batoto kama bangali banapigiwa."

Nilimwambia sisi tupo. Nilisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba mtu alifungua dirisha juu yetu. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi katika joto lile.

"Muko, najua. Lakini nyinyi muko barafiki. Rafiki akisahau, hakuna muntu atamuuliza. Bale, kama nakufa bila kuzikwa muzuri, bataulizwa."

Niliingia Cefalù nikiwachukia wakwe zake kwa kumfunga, na nikakaa pale kichochoroni nikijua kwamba kamba ile ina watu pande mbili, na aliyeishika kwa nguvu zaidi ni yeye. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kumtikisa. Siku zilizobaki hakuna aliyegusa habari hiyo. Alibangua maharage na bibi yake, tukaondoka kwa treni ya Palermo, naye akalia dirishani bila kuficha.

Miaka imepita. Sisi tulihama Etterbeek, na ingawa mji ni uleule, wiki zikawa miezi. Namtembelea pungufu ya ninavyopaswa. Majira ya kuchipua mwaka huu nilikuwa nimekwenda kumwona jirani yetu wa zamani wa ghorofa ya nne simu iliponiita, na sauti ya Maman Présidente ilikuwa ya kunong'ona.

"Maman Tanzanie. Bananiambia uko huko juu. Shuka kidogo. Kuko muntu kwa mulango yangu. Umuambie sipo. Umuambie niko Sicile."

Nilishuka. Lifti ilikuwa mbovu, na mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho akitafuta pumzi, kofia gotini, begi dogo miguuni. Nilimjua kwa picha iliyokuwa sebuleni kwa Maman Présidente: kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa amezeeka, shati limempwaya.

"Shikamoo papa," nikasema. Kisha nikamwambia nilivyoagizwa. Amekwenda kupumzika, Cefalù, na akina mama.

"Sicile," alisema. "Mimi nimetoka Kanada juu yake. Docteur anasema nisisafiri tena, nikasema hapana, ile kazi ya kumuvua niliichelewesha sana. Inanisumbua. Muntu hawezi kufungwa hivi milele, mama, haiko sawa." Akafungua begi kidogo nikaona kitambaa kipya, kijani na njano. "Ngoja, nimupigie tu, asikie sauti yangu."

Sikupata nafasi ya kumzuia. Simu ikaita mkononi mwake, na nyuma ya mlango, hatua mbili kutoka tulipokuwa, nyingine ikaita. Ikaita mara nyingi. Ikapokelewa.

"Allô, grand frère?"

Tulimsikia mara mbili, simuni na mlangoni. Mzee aliutazama mlango. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama sakafu.

"Mama," alisema. "Uko wapi?"

"Niko Sicile, grand frère. Kwa bahari."

Mzee alilifunga tena lile begi, zipu taratibu, kwa mkono mmoja.

"Kule joto iko?"

"Iko kali sana."

"Na ile nguo yako, haikuunguzi?"

"Nilisha kuizoea."

"Bon." Alijipangusa macho kwa kofia. "Basi bakia kule, upumzike. Usirudi mbio juu yangu. Mimi dimanche nitakupigia."

"Aksanti, grand frère. Salimia nyumba."

Alikata. Nilimsaidia kusimama. Alinisukumia begi mikononi, akasema kwamba pale Kanada hana wa kumpa, nivae mimi, rangi ni nzuri. Nikataka kumsindikiza hadi chini akakataa, akashuka akishika ukuta, akipumzika kila ghorofa. Nilisubiri mpaka mlango wa barabarani ukajifunga.

Ndipo wa kwake ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa. Niliona jicho, na kipande cha kitambaa cheusi.

"Amekasirika?"

"Hapana."

"Alisema dimanche?"

"Umemsikia mwenyewe."

"Nilisikia. Nataka weye uniambie."

"Amesema Jumapili atapiga," nikamwambia, na yeye akafunga mlango.